Kuhifadhi kwa Moyo, Kuhifadhi kwa Mtutu

Anayeishi Pasiansi, hapa Mwanza, hahitaji saa ya kengele. Kabla daladala za uwanja wa ndege hazijaanza kugombania abiria, mchakamchaka wa wanachuo umeshapita barabarani, na nyimbo zake zimeshawaamsha hata waliokesha. Hapo ndipo ilipo Taasisi ya Taaluma ya Wanyamapori Pasiansi, iliyoanza mwaka 1966 na ambayo mpaka leo inatoa askari wa wanyamapori wa nchi nzima. Vijana hujifunza sheria, silaha, kufuata nyayo, ikolojia na kukaa porini siku kadhaa kwa chakula kidogo. Wakihitimu, wengine hupelekwa Selous, wengine Katavi, wengine Serengeti. Mwanza hubaki na vumbi la gwaride.

Wanachofundishwa kinaitwa uhifadhi. Neno hili limenisumbua kwa muda. Nilipokuwa mdogo nililisikia kwanza madrasa, si katika taarifa ya habari. Mtoto aliyehifadhi juzuu ya kwanza alipongezwa na kupewa haluwa. Kuhifadhi kulikuwa kuweka kitu moyoni kisipotee hata kitabu kikiungua. Baadaye sana ndipo nikakutana na hifadhi yenye lango, kibanda cha tiketi na bango la onyo. Kamusi inazipokea maana zote mbili bila taabu: kukumbuka na kulinda. Ila ukizunguka Ziwa Victoria na kutazama jinsi jamii mbalimbali zilivyowalinda wanyama, misitu na mawe ya kale, unaona maana hizo zimetengana kama ndugu waliogombania shamba. Kuna wanaolinda kwa kukumbuka nani alikuwapo, na kuna wanaolinda kwa kumtoa aliyekuwapo.

Kisiwa cha Saanane kinaonekana ukiwa Capri Point, karibu kiasi cha kumhesabu mtu anayetembea juu ya mawe. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, yenye kilomita za mraba 2.18 ukijumlisha na maji yake, ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini. Serengeti ina kilomita za mraba 14,763. Ungeweza kuweka Saanane zaidi ya elfu sita ndani yake. Lakini udogo si aibu. Kuna swala pala, pundamilia, tumbili, kenge wanene wanaoota jua kama wazee wa baraza, mamba wasiopenda kuonekana, na pimbi, ambao Mwanza nzima ni kwao: mlima wowote wenye mawe yaliyopandiana una pimbi, uwe hifadhi au uwe nyuma ya choo cha mtu.

Saanane ni jina la mtu. Mzee Saanane Chawandi alikuwa mvuvi na mkulima aliyeishi pale. Mwaka 1964 serikali ilikichukua kisiwa kikawa bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na kati ya 1964 na 1966 wanyama wakaletwa kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania. Mwaka 1991 kikapandishwa hadhi kuwa pori la akiba kwa ajili ya elimu na burudani, kisha ndipo kikawa hifadhi ya taifa. Kila hatua ilikuwa na tangazo lake la serikali, na katika kila tangazo mzee alibaki kama neno tu juu ya ramani. Hilo nalo si dogo. Ziwa lenyewe linaitwa Victoria kwa sababu John Hanning Speke aliliona mwaka 1858 akiwa Mwanza, akalipa jina la malkia ambaye hakuwahi kunawa uso kwa maji yake, ingawa Wasukuma walikuwa na Nyanza yao tangu enzi. Mvuvi kubaki na jina kwenye hifadhi ya taifa, wakati watemi wengi wa Usukuma hawana hata kichochoro, ni ushindi wa aina yake. Lakini jina bila habari ya mwenye jina ni nusu ya kuhifadhi.

Magharibi zaidi kuna Rubondo, kisiwa kikubwa cha msitu, hifadhi ya taifa tangu 1977, na jaribio la ajabu kuliko yote katika ziwa hili. Kati ya 1966 na 1969, Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt walileta sokwe 17 kutoka Ulaya, waliotoka katika bustani za wanyama na sarakasi, wengine wakiwa wameishi kwenye vizimba miaka kadhaa. Waliachiwa ufukweni. Hakuna aliyejua kama sokwe aliyezoea kulishwa kwa mkono angeweza kutambua matunda ya msituni. Waliweza. Walijenga viota, wakazaa, na wajukuu wao leo ni wa porini kiasi kwamba kuwaona ni bahati. Waliletwa pia tembo, twiga na wengine, wakaungana na nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu, ambaye ndiye mwenyeji halisi.

Katika miaka ile ile ya 1960, Pasiansi ilipokuwa ikipokea vijana wake na sokwe wakishushwa Rubondo, wavuvi na wakulima wa kisiwa hicho walitolewa. Walipelekwa visiwa vya jirani na bara. Nikilitafakari jambo hili silioni kuwa ni uovu tu. Msitu wa Rubondo usingekuwapo leo kama kisiwa kingejazwa makambi ya dagaa. Angalia visiwa vingine vya ziwa vilivyobaki vichwa vya upara. Ila kuna kejeli ambayo mtu wa kanda hii huiona bila kuonyeshwa: kiumbe aliyezaliwa mbali na kukulia kizimbani Ulaya alifundishwa upya kuwa mwenyeji, na mwenyeji akafundishwa kuwa mgeni.

Ukitaka kuona mafunzo mengine ya wanyamapori, panda gari la Kisesa uende Bujora. Makumbusho ya Wasukuma yalianzishwa pale miaka ya 1950 na Padri David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika ambaye Wasukuma walimpa jina la Fumbuka. Katika jengo la ngoma utaonyeshwa makundi mawili makuu, Bagika na Bagalu, yanayojinasibu na waganga wawili wa kale, Ngika na Gumha, walioshindana kwa dawa nani avute watazamaji wengi. Mpaka leo msimu wa ngoma ukifika, baada ya mavuno, makundi hushindana siku moja uwanja mmoja, na hakuna refa isipokuwa miguu ya watu: umati ukihamia upande ule, umeshindwa.

Chini ya mwavuli huo kulikuwa na vyama vya wawindaji. Bayeye walishughulika na nyoka, Banunguli na nungunungu walioharibu mashamba, Bayege na tembo. Tukiviita leo vikundi vya ngoma tunavipunguza. Vilikuwa vyuo. Mtu hakuingia kwa kupenda kucheza na chatu. Alipokelewa, akachanjwa, akafundishwa miti ya kutibu sumu, tabia za kila nyoka, mahali anapolala na wakati anapokasirika, na nyimbo ambazo ndani yake maarifa hayo yalikaa kama karanga ndani ya ganda. Akivunja siri, alitengwa. Linganisha na Pasiansi: huko pia unaingia kwa usaili, unanyolewa, unachekwa na kutishwa na waliotangulia, unafundishwa nyayo na vinyesi, unaimba kila alfajiri, na ukitoka una vazi linalokutenga na raia. Mtaala mmoja umeandikwa na mwingine umeimbwa. Tofauti kubwa iko kwingine. Myeye alifundishwa kuishi na nyoka katika kijiji chenye watu, na nyumba aliyoitwa usiku kumtoa fira ilikuwa nyumba ya shangazi yake. Askari wa Pasiansi hufundishwa kulinda mahali ambapo mtu yeyote anayekutwa bila kibali ni mtuhumiwa.

Mpaka huo kati ya mwindaji na mtuhumiwa una tarehe. Mwaka 1896 gavana wa Wajerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri ya kwanza ya uwindaji kwa koloni zima, yenye leseni na maeneo yasiyowindwa. Waingereza wakaja na ya kwao 1921. Siku moja Myege akalala mwindaji wa heshima, akaamka jangili, bila yeye kubadilisha hata mshale. Afisa aliyesimamia sheria hizo watu walimwita Bwana Nyama, cheo ambacho wazee bado wanakitumia. Sina hakika kama waliokitunga walikuwa wakimcheka. Katika Kiswahili nyama ni mnyama na nyama ni kitoweo, na Bwana Nyama ndiye aliyekuwa na vyote viwili.

Sasa tugeukie kusini kidogo, Shinyanga, kwa sababu huko maana mbili za kuhifadhi ziliwahi kupatanishwa. Ngitili ni kipande cha malisho kinachofungwa mvua zinapoanza, majani yakaachwa yakue, kisha kikafunguliwa kiangazi kikali kwa ng'ombe wa kulima na wale dhaifu. Kuna ngitili ya familia na ngitili ya kijiji. Hakuna seng'enge. Kinachokifunga ni makubaliano ya mkutano wa wazee, dagashida, na aibu ya kuonekana unachunga ulipokatazwa. Ndani ya ngitili miti ilirudi, ndege wakarudi, asali na dawa zikapatikana; lakini hakuna aliyeianzisha kwa kumpenda ndege. Ilikuwa akiba ya ng'ombe.

Kisha serikali, ya kikoloni na ya uhuru, ikaiharibu mara nyingi kwa nia njema. Misitu ilifyekwa kufukuza ndorobo. Pamba ikasukuma malisho. Vijiji vya miaka ya 1970 vikahamisha watu mbali na ngitili zao, na ngitili isiyo na mwenyewe ni kichaka cha bure. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alipouona mkoa, aliuita jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao kwanza ulitaka kuotesha miche kwenye vitalu na kuigawa, kama miradi yote. Akili yao kubwa ilikuwa kugundua kwamba wanakijiji walikuwa na njia yao na kuiacha ifanye kazi. Ngitili zilizorekodiwa zilikuwa hekta mia kadhaa tu mradi ulipoanza. Ndani ya miaka 15 hivi zilizidi hekta 300,000. Mwaka 2002 mradi ulipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Bila bunduki hata moja. Naandika hivyo nikijua hoja ya upande wa pili: ngitili haina tembo, na hakuna genge linalosafiri kutoka mbali kuja kuiba nyasi. Nitarudi hapo.

Kwa upande wa mambo ya kale mambo yanakuwa wazi zaidi. Hifadhi ya Serengeti ilianzishwa 1951. Ndani yake, kwenye mawe ya Moru, kuna michoro ya ngao za Kimaasai, nyekundu, nyeupe na nyeusi, na si mbali kuna jiwe kubwa lenye vishimo ambalo ukiligonga hutoa sauti kama kengele. Faru weusi wachache waliosalia Serengeti walipata kimbilio Moru pia, wakalindwa usiku na mchana. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walitia saini kukubali kuondoka, na 1959 Hifadhi ya Ngorongoro ikatengwa ili watu, mifugo na wanyama wakae pamoja. Michoro imebaki, wachoraji wako nje. Mgeni hulipa kiingilio, huonyeshwa ngao, huambiwa kwamba pengine ziliwahi kuchorwa na morani waliokuwa wakila nyama pangoni, kisha huendelea kutafuta simba. Hata Ngorongoro, ambako Mary Leakey alipata fuvu la kale liitwalo Zinj huko Olduvai mwaka 1959 na timu yake ikapata nyayo za Laetoli 1978, ilisubiri hadi 2010 kutambuliwa kama urithi wa dunia wa utamaduni pamoja na ule wa asili uliotambuliwa 1979. Na tangu 2022 kaya zinahamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, Handeni. Mjadala huo una mahali pake. Mimi naona tu kwamba nyayo za binadamu za miaka milioni tatu na nusu zina ulinzi imara kuliko nyayo za juzi.

Sasa vuka upande wa Bukoba, ufike Katuruka. Wahaya walisimulia kwamba Mukama Rugomora Mahe, mfalme aliyeishi pale, aliwaamuru wahunzi wajenge mnara wa chuma ili aone mbingu zikoje, na mnara ukaanguka. Mahali penyewe paliitwa Kaiija, penye kiwanda cha mhunzi, na palikuwa na mti mkubwa ambao haukuguswa. Mwanaakiolojia wa Kimarekani Peter Schmidt alifika kuanzia 1969, na badala ya kuchagua mahali pa kuchimba kwa ramani peke yake, aliwasikiliza wazee wakimwambia hadithi hiyo. Alichimba karibu na mti. Chini yake kulikuwa na mabaki ya kazi ya chuma na vyungu vya mtindo wa Urewe, jina lililotokana na kijiji cha Siaya ng'ambo ya Kenya, mabaki ambayo umri wake ulirudi nyuma zaidi ya miaka 2,000.

Fikiri ukubwa wa jambo hilo. Rugomora Mahe aliishi karne chache tu zilizopita. Ina maana watu wa Katuruka walikuwa wameshika kumbukumbu ya kiwanda kilichozimika zamani kabisa kabla yake, wakaivalisha jina la mfalme wa karibu ili isisahaulike, na wakalinda mahali hapo kwa mti na mwiko. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ni ya 1964. Mti ulitangulia. Baadaye, katika miaka ya 1970, wazee wa Kihaya waliowahi kuyeyusha chuma walijenga tena tanuri, na Schmidt pamoja na mwenzake Donald Avery wakaonyesha, katika makala ya mwaka 1978, kwamba mabomba ya udongo yaliyoingizwa ndani ya tanuri yalipasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa, mbinu iliyodhaniwa kuwa ya Ulaya ya karne ya 19. Hapo ndipo kuhifadhi kwa moyo kunapomshinda mlinzi yeyote: hakuna askari angeweza kulinda ujuzi uliokuwa mikononi mwa mzee wa miaka 70.

Kisiwa cha Mfangano, upande wa Kenya, kina mfano unaofanana. Katika pango la Mawanga na kwenye jabali la Kwitone kuna miviringo myekundu na myeupe iliyochorwa na wawindaji waliotangulia Waabasuba. Waabasuba hawakuichora, lakini waliiogopa na kuiheshimu, wakaihusisha na mvua, na woga huo ukawa ukuta kwa karne nyingi. Hapa kwetu jiwe linalocheza la Bukiko, kisiwani Ukara, linasimamiwa vivyo hivyo na ukoo wenye ibada zake, na mgeni asiyepitia kwao huambiwa jiwe halitacheza.

Lakini nisijifanye kuwa mila haina nyufa. Misitu ya kaya ya Wamijikenda wa pwani ya Kenya, ambayo 11 kati yake iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, ililindwa na fingo, yaani hirizi, lililozikwa katikati na wazee waliojua njia za kuingilia. Ilipofika zama za hoteli za ufukweni na bei ya ardhi ya pwani, fingo halikuweza kumsimamisha mwenye hati miliki. Vigango, nguzo za mbao za kuwakumbuka wazee wa Kigiriama waliokufa, viling'olewa usiku na kuuzwa. Vingi vilifika Marekani, vikawekwa katika makumbusho. Viwili vilirudishwa Kenya mwaka 2007, zaidi ya miaka 20 tangu viibwe. Mwizi hakuwa amefundishwa kuogopa. Mwiko hufanya kazi kwa waliokulia ndani yake tu, na soko halikukulia popote. Kwa hiyo tangu 1992 kaya nyingi zikatangazwa kuwa kumbukumbu za taifa, na wazee wakajikuta wanahitaji muhuri wa Nairobi kulinda kile ambacho babu zao walikilinda kwa kunyamaza.

Waislamu wa Pemba wana jibu lao, nalo linavutia kwa kuwa halichagui upande. Kisiwa cha Misali, magharibi mwa Pemba, kimepewa jina kutokana na msala. Inasimuliwa kwamba Nabii Hadhara alifika na kuwaomba wavuvi msala aswali. Hawakuwa nao, akasema kisiwa chenyewe, kinachoelekea kibla, kitakuwa msala wake. Wavuvi hawakufukuzwa. Misali ilipotengwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998, waliendelea kuvua isipokuwa katika sehemu moja iliyofungwa, na kosa la kuvua kwa baruti lilielezwa msikitini, kwa aya na hotuba, kwamba mtu ni khalifa wa Mungu juu ya ardhi na si mmiliki wake. Dini hiyo ina neno la kale la jambo hili: hima, malisho au bonde lililofungwa kwa faida ya wote, ambalo Mtume aliliweka Naqi', karibu na Madina. Msukuma akielezwa hima angejibu kwamba hiyo ni ngitili.

Na Oman, ambako wengi wa Pemba na Unguja wana jamaa, kuna funzo chungu la upande wa pili. Choroa wa Arabuni walimalizwa porini mwaka 1972 na wawindaji wenye magari. Mwaka 1982 walirudishwa katika jangwa la Jiddat al-Harasis, na Waharasis wenyewe, wafugaji wa jangwa lile, wakawa walinzi. Eneo liliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 1994. Ujangili ulirudi, kisha serikali ikapunguza eneo kwa asilimia 90 baada ya mafuta kugunduliwa, na mwaka 2007 likawa eneo la kwanza duniani kufutwa kwenye orodha hiyo. Kilichotolewa kwa kalamu kilifutwa kwa kalamu. Bedui alikuwapo, lakini hakuwa na kalamu.

Ninarudi sasa kwa mtutu, maana hoja yangu isingekuwa ya haki bila huo. Mwaka 2009 tembo wa Tanzania walihesabiwa kuwa takriban 109,000. Mwaka 2014 walibaki kama 43,000. Hakuna mwiko, hadithi wala ngoma iliyoweza kusimama mbele ya bei ya pembe na mitandao ya wafanyabiashara wenye fedha, magari na bunduki za kivita. Waliosimama walikuwa vijana wa aina ile wanaopita Pasiansi alfajiri, na baadhi yao hawakurudi nyumbani. Mtu anayewadhihaki kwa gwaride lao hajawahi kulala porini akisikia risasi. Lakini mtutu nao uliwahi kupoteza njia: Operesheni Tokomeza ya Oktoba 2013, iliyokusudiwa kuwakamata majangili, ilisimamishwa ndani ya wiki chache kwa malalamiko ya mauaji na mateso ya raia, na Desemba mwaka huo mawaziri wanne wakaondolewa. Ng'ombe waliouawa katika operesheni ile walikuwa wa watu ambao babu zao walijua kufunga ngitili. Ningekuwa na sauti katika mtaala wa Pasiansi, ningeomba wiki moja tu: wanachuo wapelekwe Bujora wakakae na Myeye mmoja mzee, wasikilize wimbo mzima bila kuandika, kisha wautoe moyoni.

Chini ya boti inayokwenda Saanane kuna wanyamapori ambao hakuna mtutu unaoweza kuwalinda. Ghuba ya Mwanza ilikuwa na furu, samaki wadogo, wa aina nyingi mno. Kuanzia miaka ya 1970 watafiti wa Kiholanzi waliwahesabu hapa, wakiwapa majina. Mmoja, mwenye mgongo mwekundu, aliitwa nyererei mwaka 1985. Jamaa yake mwenye milia akawa Pundamilia, jina la Kiswahili safi katika vitabu vya Kilatini. Wakati wanawapa majina, sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 alikuwa akiwala. Aina zipatazo 200 hazikuonekana tena. Maji nayo yalichafuka, na furu jike, anayemchagua mume kwa rangi, akashindwa kutofautisha mwekundu na wa buluu katika tope, aina zikaanza kuchanganyika. Wazee wa Kirumba bado wanaweza kukutajia furu wa zamani kwa ladha ya kila mmoja. Ni aina ya kuhifadhi, ingawa inayeyuka kila wanapozikwa.

Mara ya mwisho nilipovuka, nilimuuliza nahodha.

"Shikamoo mzee. Eti huyu Mzee Saanane alizikwa wapi?"

"Marahaba. Hilo sijui, mwanangu. Nimezaliwa nikakuta kisiwa kinaitwa hivyo."

Alifikiri kidogo, akaongeza kwamba baba yake alikuwa akisema mzee alikuwa na kilimo kidogo upande wa mawe yale, akaelekeza kwa kidevu. Akazima injini, boti ikajikokota yenyewe hadi kwenye jabali. Juu yake alikuwa amelala mjusi mwenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu iliyokolea, yule ambaye Arthur Loveridge alimwandika mwaka 1923 kwa jina la Agama mwanzae. Hakuondoka. Ilibidi sisi tupite pembeni.